Mwaka wa Kwanza Hudanganya

Mwaka 1959, daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani aitwaye Albert Stunkard alifanya jambo ambalo wenzake wengi walikuwa wakilikwepa: alihesabu. Yeye na mwenzake Mavis McLaren-Hume walichukua wagonjwa 100 waliofika mfululizo kwenye kliniki ya lishe ya hospitali moja ya New York kutafuta tiba ya unene. Wakafuatilia kila mmoja ameishia wapi, wakiwemo wale walioacha kuja. Waliopungua angalau ratili 20, yaani kama kilo 9, walikuwa 12. Aliyepungua ratili 40 alikuwa mmoja. Miaka miwili baadaye, waliokuwa hawajaurudia uzito wao walikuwa wawili tu.

Hapo kabla majarida ya tiba yalikuwa yamejaa habari njema. Stunkard na mwenzake walizipekua ripoti za miaka 30 wakaona mchezo uliokuwa ukichezwa: madaktari wengi waliwahesabu wagonjwa waliovumilia hadi mwisho wa matibabu, basi. Aliyekata tamaa katikati hakuonekana kwenye jedwali, na aliyenenepa tena baada ya kuruhusiwa hakuulizwa. Tangu siku hizo, kila tiba mpya ya unene uliopitiliza imekutana na swali lile lile: baada ya miaka 10 imekuwaje? Nyingi zimeng'ara mwaka wa kwanza. Chache zimefika mwaka wa kumi zikiwa na la kusema.

Barua, baruti na mfungo

Tiba ya kwanza kupata umaarufu mkubwa katika zama hizi ilisimama juu ya ushuhuda wa mtu mmoja. Mzee William Banting wa London, fundi majeneza na msimamizi wa mazishi ya wakubwa, mwaka 1862 alikuwa na uzito wa ratili 202, sawa na kilo 92 hivi, kwa kimo cha futi 5 na inchi 5. Kuinama kufunga kamba za viatu kulimshinda. Ngazi alizishuka kinyumenyume, taratibu, ili magoti na vifundo vya miguu visipate kishindo cha uzito wake. Alimwendea daktari wa masikio, William Harvey, kwa sababu usikivu wake ulikuwa unapungua. Harvey akaona tatizo liko kwenye mwili mzima, akamkataza mkate, maziwa, sukari, bia na viazi. Kwa mwaka mmoja na ushei Banting akapungua ratili 46. Mwaka 1863 alichapisha kijitabu chenye sura ya barua kwa gharama zake, akakigawa bure, na jina lake likaenea Ulaya.

Banting alikuwa mkweli, ila alikuwa mmoja. Miaka 70 baadaye zikaja tiba zilizotumiwa na maelfu bila mtu kuwahesabu. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, wafanyakazi wa viwanda vya baruti Ufaransa walioshika kemikali iitwayo dinitrofenoli walikuwa wakitokwa jasho, wakipata homa na kukonda, wengine walikufa. Mwaka 1933, Maurice Tainter na Windsor Cutting wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walitangaza kwamba kemikali hiyo kwa kipimo kidogo inaufanya mwili uunguze nishati kwa kasi na kupunguza uzito. Ilifanya kazi kweli, na ikauzwa madukani bila cheti cha daktari. Haukupita muda, wanawake vijana wakaanza kupofuka kwa mtoto wa jicho na wengine kufa kwa joto la mwili lisiloshuka. Sheria mpya ya dawa ya Marekani ya mwaka 1938 ndiyo iliyoiondoa sokoni.

Wengine waliona chakula chenyewe ndicho cha kuondolewa. Katika miaka ya 1960, hospitali kadhaa za Uingereza na Marekani ziliwalaza wagonjwa na kuwafungisha kwa wiki nyingi kwa maji, vitamini na chumvichumvi tu. Kisa kilichovuma zaidi kilitokea Dundee, Scotland, ambako kijana wa miaka 27 mwenye ratili 456, kama kilo 207, alikaa siku 382 bila kula. Alitoka akiwa na ratili 180, na miaka mitano baadaye alikuwa na 196. Kisa hiki bado husimuliwa kama muujiza. Visivyosimuliwa sana ni vya wagonjwa waliokufa katika mifungo kama hiyo, na vya wale wengi ambao kilo zao zilirudi walipoanza kula.

Kisu chaingia

Wakati huo madaktari wapasuaji walikuwa wameshajaribu njia nyingine. Mwaka 1953, Richard Varco wa Chuo Kikuu cha Minnesota alifanya upasuaji wa kukipitisha chakula njia ya mkato. Mwaka uliofuata wenzake wa jimbo hilo, Kremen, Linner na Nelson, wakachapisha majaribio yao ya namna hiyo. Utumbo mwembamba wa mtu mzima una urefu wa mita kadhaa, na ndimo chakula kinamofyonzwa. Wapasuaji waliukata karibu na mwanzo wake wakaunga kipande hicho na sehemu ya mwisho, na utumbo wote wa katikati ukabaki umelala bila kazi. Mgonjwa angeweza kula apendavyo, kwani kingi kingepita bila kufyonzwa.

Kilo zilishuka kwa kasi, na katika miaka ya 1960 na 1970 upasuaji huu ulifanywa kwa maelfu ya watu. Kisha bili ikaletwa. Kuharisha hakukuisha. Mawe yalijengeka kwenye figo, viungo vikavimba, na bakteria wakastawi katika utumbo uliolala. Baadhi ya wagonjwa ini lao liliharibika hadi kufa, wakiwa wamekonda kama walivyotaka. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 upasuaji huo ulikuwa umeachwa, na wengi waliofanyiwa walirudishwa tena kwenye meza ili utumbo wao uunganishwe kama zamani.

Njia iliyokuja kudumu ilitoka Iowa. Edward Mason, profesa wa upasuaji wa chuo kikuu cha huko, alikuwa akiwatibu watu wenye vidonda vya tumbo kwa kukata sehemu ya mfuko wa tumbo, tiba ya kawaida enzi hizo. Malalamiko ya wagonjwa hao baada ya kupona yalijulikana: hawakunenepa, hata walipojitahidi. Mason aliona kwamba shida ya mgonjwa mmoja inaweza kuwa tiba ya mwingine. Mwaka 1966, yeye na Chikashi Ito, daktari kutoka Japani, walianza kuugawa mfuko wa tumbo sehemu mbili: kifuko kidogo juu, ambacho chakula kinaingia, na sehemu kubwa chini, ambayo chakula hakiifikii tena. Kifuko cha juu kiliungwa moja kwa moja na utumbo mwembamba. Mgonjwa alishiba kwa matonge machache, na sehemu kubwa ya utumbo wake iliendelea na kazi.

Mason alikuwa na tabia iliyowaudhi wenye haraka: hakuamini kazi yake mwenyewe mpaka aione imekaa miaka. Alibadilisha ukubwa wa kifuko na upana wa tundu lake mara kwa mara. Mwaka 1980 alibuni upasuaji mwepesi zaidi, ambamo mfuko wa tumbo hushonwa kwa pini kwa wima na tundu la kutokea kuzungushiwa ukanda ili lisipanuke. Mwaka 1986 akaanzisha rejista ya kitaifa ya wagonjwa wa upasuaji wa unene, ili wapasuaji wa miji mbalimbali wapeleke taarifa zao sehemu moja. Mwaka 1991, jopo lililoitishwa na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani likakubali kwamba upasuaji unafaa kwa mtu ambaye uwiano wa uzito na mraba wa urefu wake (BMI) umefika 40, au 35 akiwa na maradhi makubwa yanayoletwa na unene.

Waswidi waamua kusubiri

Lakini swali kubwa lilikuwa bado halijajibiwa. Kupunguza kilo kunarefusha maisha? Jibu linaonekana dhahiri, ila ushahidi wa miaka ya 1980 ulisema vingine. Tafiti kadhaa zilizowafuatilia watu mitaani zilionyesha kuwa waliopungua uzito walikufa zaidi kuliko ambao hawakupungua. Huenda ni kwa sababu wengi walikonda kutokana na maradhi ambayo hayajagunduliwa, lakini hakuna aliyeweza kuthibitisha.

Lars Sjöström wa Gothenburg, Sweden, alitaka kulimaliza suala hilo. Njia safi kuliko zote ni kupiga kura: nusu ya wagonjwa wapasuliwe, nusu wasipasuliwe, kisha wangojewe. Wasimamizi wa maadili walikataa. Vifo vya baada ya upasuaji wa aina hii vilikuwa bado vingi mno kwa mtu kupangiwa kwa bahati nasibu. Ikabidi itafutwe njia nyingine. Mgonjwa aliyetaka upasuaji alipata upasuaji. Kwa kila mmoja wao, kompyuta ilimchagua mtu mwingine mnene ambaye hakutaka kupasuliwa, kwa vigezo 18, vikiwemo jinsia, umri, uzito, kimo, lehemu na uvutaji sigara, ili makundi mawili yafanane kwa wastani. Kundi la pili lilipata matibabu ya kawaida ya kituo chake cha afya: pengine ushauri mzuri, pengine hakuna kitu.

Mgonjwa wa kwanza aliandikishwa Septemba 1987. Uandikishaji ulikwisha Januari 2001, baada ya zaidi ya miaka 13, ukiwa umekusanya watu 2,010 waliopasuliwa na 2,037 wa kulinganishwa nao, kutoka idara 25 za upasuaji na vituo 480 vya afya. Walikuwa na umri wa miaka 37 hadi 60. Wengi walifanyiwa ule upasuaji wa Mason wa kushona kwa wima, baadhi wakafungwa mkanda kwenye mfuko wa tumbo, na wachache wakapata upasuaji wake wa awali wa kifuko kidogo, uitwao njia ya mkato ya tumbo. Nguvu ya utafiti huu ilikuwa kwenye makaratasi. Kila Mswidi ana namba yake ya utambulisho, na vifo vyote huingia kwenye rejista ya taifa. Mgonjwa aliyehama, aliyechoka kupimwa au aliyewakasirikia madaktari hakupotea. Matokeo ya vifo yalipochapishwa mwaka 2007, watafiti walijua ni nani hai na ni nani marehemu kwa asilimia 99.9 ya washiriki.

Wakati Waswidi wakingoja, kwingineko watu hawakungoja. Mwaka 1992, Michael Weintraub wa Chuo Kikuu cha Rochester, New York, alichapisha majaribio ya watu 121 waliopewa dawa mbili za zamani kwa pamoja, fenfluramini na fentamini. Walipungua, na dawa zikaendelea kutumika kwa muda mrefu katika utafiti huo. Kliniki za kupunguza uzito zikachipuka Marekani nzima, na mwaka 1996 viliandikwa vyeti vya dawa hizo kwa mamilioni. Katika mji wa Fargo, North Dakota, mtaalamu wa kupiga picha za moyo kwa mawimbi ya sauti alianza kuona valvu zilizonenepa na kuvuja kwa wanawake ambao hawakuwa na umri wa kuwa nazo. Mwaka 1997, madaktari wa Fargo na wa Kliniki ya Mayo waliripoti wanawake 24 wa namna hiyo, wote wakiwa watumiaji. Septemba mwaka huo fenfluramini ikaondolewa sokoni. Watafiti walikuwa wamepima kilo kwa uangalifu mkubwa. Moyo hakuna aliyeusikiliza.

Sweden matokeo yalikuja polepole, na ndiyo sababu yanaaminika. Baada ya mwaka mmoja hadi miwili, waliofanyiwa upasuaji wa njia ya mkato ya tumbo walikuwa wamepungua wastani wa asilimia 32 ya uzito wao, wa kushonwa kwa wima asilimia 25, na wa mkanda asilimia 20. Mtu angeishia hapo angetangaza ushindi mkubwa kuliko uliopo. Baada ya miaka 10 idadi hizo zilikuwa 25, 16 na 14. Sehemu ya kilo ilikuwa imerudi, lakini kubwa zaidi haikurudi. Kundi la pili halikuwa limetikisika: miaka yote uzito wao ulibaki karibu pale pale ulipoanzia.

Kisha vifo. Katika siku 90 za mwanzo walikufa watu 5 kwa waliopasuliwa na 2 kwa wasiopasuliwa. Utafiti ungefungwa hapo, upasuaji ungeonekana unaua. Baada ya wastani wa karibu miaka 11, waliokufa kundi la kawaida walikuwa 129 na kundi la upasuaji 101. Shambulio la moyo liliua 25 kundi la kawaida na 13 kundi la upasuaji. Saratani iliua 47 na 29. Baada ya kurekebisha tofauti za jinsia, umri na hatari nyingine, upasuaji ulikuwa umepunguza vifo kwa asilimia 29. Kwa mara ya kwanza kulikuwa na kipimo cha kuaminika kwamba kupunguza uzito kwa makusudi kunaweza kumwongezea mtu mnene miaka.

Hawakuacha kuhesabu. Mwaka 2020, timu hiyo ikiongozwa na Lena Carlsson iliripoti kwamba waliopasuliwa waliishi kama miaka 3 zaidi ya wenzao. Ripoti hiyo hiyo ilisema wazi kwamba bado waliishi kama miaka 5 na nusu pungufu ya Waswidi wa kawaida. Tafiti nyingine za mradi huo zilionyesha kwamba matatizo ya ulevi na ya kujidhuru yaliongezeka kwa baadhi ya waliopasuliwa. Upasuaji ulikuwa umepata daraja lake halisi: tiba yenye nguvu, yenye gharama zake, isiyofuta yote.

Kwa nini kilo hurudi

Maswali mawili yalibaki. La kwanza liliibuka Greenville, North Carolina, ambako mpasuaji Walter Pories alitangaza mwaka 1995 matokeo ya watu 608 waliofanyiwa upasuaji wa njia ya mkato ya tumbo na kufuatiliwa kwa miaka 14. Kati ya 146 waliokuwa na kisukari cha ukubwani, sukari ya 121 ilikuwa imerudi kawaida, na kwa wengi ilishuka ndani ya siku chache, kabla hata ya uzito kupungua. Kifuko kidogo pekee hakikuweza kueleza jambo hilo. Utumbo ulikuwa unazungumza na mwili kwa homoni, na kisu kilikuwa kimebadilisha mazungumzo.

La pili ni kwa nini mwili hupigania kilo zake. Mwaka 1994, Jeffrey Friedman wa Chuo Kikuu cha Rockefeller aliigundua jeni ya leptini, homoni ambayo mafuta ya mwilini huitumia kuujulisha ubongo akiba iliyopo. Mwaka 2011, watafiti wa Melbourne, Australia, waliwapa watu 50 mlo mdogo sana kwa wiki 10, kisha wakawapima mwaka mmoja baadaye. Homoni za njaa zilikuwa bado juu, na za shibe bado chini. Mwili ulikuwa haujasamehe. Wale wagonjwa wa New York walioitwa wavivu na wasio na nia walikuwa wakishindana na kitu ambacho hakichoki.

Sindano za leo zilizaliwa katika makutano ya maswali hayo mawili. Ni nakala za homoni ya utumbo iitwayo GLP-1, zilizotengenezwa zisivunjike haraka mwilini. Februari 2021 yalitoka majaribio ya semaglutaidi kwa watu 1,961: baada ya wiki 68, waliodungwa walipungua wastani wa asilimia 14.9, na waliopewa dawa bandia asilimia 2.4. Safari hii moyo haukusahauliwa. Mwaka 2023, majaribio ya watu 17,604 wenye maradhi ya moyo yalionyesha kwamba vifo vya moyo, shambulio la moyo na kiharusi kwa jumla vilipungua kwa asilimia 20. Lakini washiriki wa majaribio yale ya 2021 walioacha sindano walipopimwa mwaka mmoja baadaye, theluthi mbili ya walichopoteza ilikuwa imerudi. Dawa hufanya kazi inapotumika, kama ya presha.

Habari hizi zimeshatufikia. Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila jijini Dar es Salaam, katika miaka hii ya 2020 imeanza kuwawekea wagonjwa puto tumboni ili washibe mapema, na upasuaji wa kupunguza tumbo nao umefuata. Sindano zinatafutwa na wenye uwezo, wengine kwa njia zisizo na daktari. Puto hukaa kwa miezi tu, kutegemea aina yake, kisha hutolewa, na hapo ndipo kazi ngumu inapoanza. Matangazo huonyesha picha mbili, kabla na baada, na hiyo "baada" kwa kawaida ni ya mwaka wa kwanza.

Ndiyo maana anayefikiria tiba hizi ana haki ya kuuliza hospitali yoyote swali ambalo Iowa waliliandalia rejista na Sweden wakalingojea kwa miongo: mliowatibu miaka mitano iliyopita wana uzito gani leo, na mmewapoteza wangapi? Rejista hugharimu karani, simu na uvumilivu, na hivyo tunavyo. Chumba cha upasuaji na daftari la ufuatiliaji vifunguliwe siku moja. Bila daftari hilo, wagonjwa wetu watakuwa wanalipia ahadi ambazo hakuna aliyezipima.